Chungu na Kalamu

Msomaji, ukitoka Lodwar, mji uliokaa kando ya mto Turkwel, ukaishika njia iendayo kaskazini magharibi, utafika Kakuma baada ya mwendo wa kilometa 120 hivi. Njiani utaona mchanga, mawe, migunga, ngamia na mbuzi, na mito ambayo sehemu kubwa ya mwaka haina maji. Wasioijua nchi hii husema kuwa haina kitu. Aghalabu wasemao hivyo hawajaketi penye jiko lake. Jiko ni mahali ambapo watu huonyesha akili yao, subira yao na mapatano yao na ardhi waliyopewa. Kwa hiyo jiko ni sehemu ya historia, na mtu aandikaye mapishi kwa uaminifu ni mwanahistoria, ingawa hapewi jina hilo.

Katika insha hii nakusudia kukueleza habari za mwanamke mmoja aliyeishika kazi hiyo, Hawa Hassan, mwandishi wa vitabu vya mapishi. Lakini kabla ya kumfikia yeye, yatupasa kwanza tutazame chungu cha Turkana kilikuwa na nini, na kwa nini habari zake hazikuandikwa.

Waturkana ni wafugaji. Mifugo yao ni ng'ombe, ngamia, mbuzi, kondoo na punda, na chakula chao cha asili kilitoka katika mifugo hiyo: maziwa, nyama na damu. Damu hutolewa katika mshipa wa shingo ya mnyama aliye hai kwa mshale usioingia ndani sana, kisha jeraha huzibwa na mnyama huenda zake malishoni. Huu ulikuwa uchumi wa hekima, kwa kuwa mfugaji alipata chakula bila ya kupoteza mnyama. Mvua iliponyesha na maziwa yakawa mengi, wanawake waliyachemsha, wakayaanika juani juu ya ngozi mpaka yakakauka yakawa unga. Unga huo huitwa edodo. Uliwekwa akiba kwa siku za kiangazi. Jambo ambalo siku hizi hufanywa na viwanda vyenye mitambo mikubwa, mwanamke wa Turkana alilifanya kwa moto, ngozi na jua.

Mifugo haikuwa chakula pekee. Kandokando ya mito humea mikoma, ambayo Waturkana huita eng'ol. Matunda yake huliwa, na makuti yake husukwa vikapu na mikeka. Mswaki, kwa Kiturkana esekon, hutoa matunda madogo matamu. Upo pia mti uitwao edung. Matunda yake ni machungu, na mtu hawezi kuyala mpaka yachemshwe kwa saa nyingi, maji yakimwagwa na kutiwa mengine, tena na tena. Fikiri, msomaji: ni vizazi vingapi vilijaribu, vikakosea, vikajaribu tena, mpaka ikajulikana kwamba uchungu huo hushindwa kwa maji na subira? Elimu hiyo haikupatikana katika siku moja, wala haikupatikana bila gharama. Ni elimu ya uhai na kifo, maana mwenye njaa asiyeijua anaweza kuketi chini ya mti wenye matunda asipate la kula.

Elimu hii yote ilikuwa haina daftari. Ilikaa katika vichwa na mikono ya wanawake, ikapita kutoka kwa bibi kwenda kwa mama, na kutoka kwa mama kwenda kwa binti. Njia hiyo ilitosha maadamu binti aliishi karibu na jiko la mama yake. Lakini ukame mkali wa miaka ya 1979 hadi 1981, ambao Waturkana waliuita Lopiar, yaani mfagiaji, ulifagia mifugo na kuzitawanya familia. Watu wengi waliingia katika kambi za chakula cha msaada. Mtoto aliyelelewa kwa unga uliotoka mbali hakuona edodo ikianikwa. Mifugo ilipokufa, elimu ya kuitumia ilianza kufa polepole pamoja nayo. Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Mapishi nayo ni mali.

Pengine utauliza: je, katika Kenya hapakuwa na waandishi wa mapishi? Walikuwapo. Mwaka 1928 wanawake wa kanisa la St Andrew's mjini Nairobi walitoa kitabu cha mapishi na utunzaji wa nyumba kwa ajili ya walowezi. Kitabu hicho kilichapishwa mara nyingi. Kiliwafaa waliokusudiwa, na hatuna sababu ya kuwalaumu wanawake walioandika yale waliyoyahitaji. Lakini katika majiko mengi ya walowezi aliyesimama mbele ya moto alikuwa Mwafrika, ambaye alijifunza kupika vyakula vya wageni na akarudi kwake jioni kula chakula cha kwao. Cha wageni kiliandikwa. Cha kwao hakikuandikwa. Kutokana na hali hiyo wasomi wengi walikua wakidhani kwamba upishi ni ule uliomo kitabuni, na kwamba kilichomo katika chungu cha bibi ni shibe tu isiyostahili jina la upishi.

Hata katika maisha ya watu mashuhuri jiko limesahauliwa. Mwezi wa Aprili mwaka 1953 mahakama ya Kapenguria ilimhukumu Jomo Kenyatta na wenzake watano kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Kifungo hicho kilikuwa Lokitaung, kaskazini ya Turkana. Kwa kuwa Kenyatta alikuwa mtu mzima kuliko wenzake, hakupewa kazi za sulubu. Alipewa kazi ya kuwapikia wafungwa. Mwaka 1959 alihamishiwa Lodwar, akawekwa huko kwa amri ya serikali mpaka mwaka 1961 alipopelekwa Maralal. Mwaka 1963 akawa waziri mkuu, na mwaka 1964 rais wa kwanza wa Kenya. Kila mwanafunzi amesoma habari za kesi yake. Ni wachache waliosoma kwamba mkono uliokuja kuandika sheria za nchi ulikoroga sufuria ya gereza katika jua la Turkana. Naliona jambo hili kuwa la heshima, wala si la aibu. Mtu anayewapikia wenzake katika dhiki amewatumikia.

Kupuuza elimu ya jiko kuna gharama nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msaada wa Norway, kilijengwa kiwanda cha kugandisha samaki huko Kalokol, karibu na ziwa Turkana. Nia ilikuwa njema: watu waliopoteza mifugo wapate riziki katika uvuvi. Lakini kugandisha samaki katika nchi ya joto kali kulihitaji umeme na maji safi kwa wingi, na gharama yake ilishinda faida. Kiwanda kilifanya kazi ya kugandisha kwa muda mfupi tu, kisha kikasimama. Wakati huo huo wavuvi waliendelea kuwapasua samaki, kuwatia chumvi na kuwaanika juani, kwa kuwa jua halidai ada. Mradi huo ulikosa mambo mengi, na mojawapo ni hili: elimu iliyokuwapo haikupewa uzito sawa na elimu iliyoletwa.

Sasa na tuende Kakuma. Mwaka 1992 kambi ya wakimbizi ilianzishwa hapo. Miongoni mwa waliofika mwanzo walikuwa maelfu ya wavulana wa Sudan waliokuwa wametembea kwa miguu, kwanza mpaka Ethiopia, kisha wakafukuzwa na vita huko na kurudi njiani mpaka wakaingia Kenya. Baada yao walikuja Wasomali, Waethiopia, Wakongo, Warundi na wengine. Mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa karibu na hapo. Leo Kakuma na Kalobeyei kwa pamoja zina watu zaidi ya 200,000, wengi kuliko wakazi wa miji mingi ya Kenya.

Mkimbizi huacha nyumba, shamba na mifugo, na mara nyingi huacha hata sufuria. Lakini hawezi kunyang'anywa kumbukumbu ya mikono. Kwa miaka mingi mgao wa chakula ulikuwa nafaka, jamii ya kunde, mafuta na vitu vichache vingine. Kutokana na mgao ule ule mmoja kila taifa lilijitahidi kutoa chakula chake. Mwethiopia alitafuta njia ya kupata injera, Msomali akachacha unga wake ili apate canjeero, Msudani akatandaza kisra juu ya bati la moto, na Mkongo akatafuta majani ya muhogo ili apike sombe. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza utaratibu ulioitwa Bamba Chakula, ambao uliwapa wakimbizi sehemu ya msaada kwa njia ya simu, wakanunue wenyewe katika maduka yaliyokubaliwa. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2018 na tawi la Benki ya Dunia lishughulikialo biashara ulihesabu biashara zaidi ya 2,000 katika Kakuma, na nyingi kati yake zilihusu chakula. Kuni na makaa yaliyovipika vyakula hivyo vyote yaliletwa kwa sehemu kubwa na Waturkana, ambao walivibadilisha kwa unga au kwa fedha. Hivyo chungu cha mgeni kilichemka kwa kuni za mwenyeji, na mtoto wa mwenyeji alilala ameshiba kwa unga wa mgeni. Pamekuwapo ugomvi mara nyingine, wala sitaki kukuficha hilo. Lakini mapatano hayo ya jiko yalidumu kuliko ugomvi.

Nimekueleza haya ili uweze kuyapima maisha ya Hawa Hassan. Yeye hakutoka Kakuma, lakini alipita katika mlango kama huo. Alizaliwa Mogadishu, mji mkuu wa Somalia. Mwaka 1991 serikali ya Siad Barre iliangushwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaenea. Mama yake akakimbia na watoto wake mpaka Kenya, wakaishi katika kambi ya wakimbizi. Hawa alikuwa mtoto mdogo. Alipofikia umri wa miaka saba, mama yake alimtuma Seattle, Marekani, pamoja na jamaa waliokuwa wakienda huko, kwa tumaini kwamba familia yote ingemfuata. Haikuwa hivyo. Mama na ndugu wengine walipata makazi Norway, mjini Oslo, na ikapita miaka kumi na mitano kabla ya binti kumwona mama yake tena.

Tafakari, msomaji, maana ya miaka hiyo. Mtoto wa miaka saba huingia katika miaka ya kujifunza kazi za nyumba kwa kutazama. Huo ndio wakati ambao binti hukaa karibu na mama, akapewa kitunguu amenye, akaambiwa aonje chumvi. Hawa aliukosa wakati huo. Alikulia mbali, akasoma, akacheza mpira wa kikapu, kisha akahamia New York akafanya kazi ya uanamitindo. Kwa macho ya watu alikuwa amefanikiwa. Lakini mtu aweza kuwa na nguo nzuri na picha gazetini, na bado akawa na njaa ambayo hailishwi dukani.

Akiwa mtu mzima alikwenda Oslo akakaa na familia yake kwa miezi kadhaa, na huko akapika pamoja na mama yake. Kitu kilichokatika utotoni kiliungwa tena jikoni. Aliporudi Marekani alianzisha, mwaka 2015, biashara ya kutengeneza na kuuza michuzi ya Kisomali, akaiita Basbaas, jina la mchuzi wa pilipili kwa lugha ya kwao. Wakati huo Wamarekani wengi waliijua Somalia kwa habari za vita, njaa na maharamia tu. Kupitia chupa ya mchuzi aliwaambia habari nyingine: kwamba hapo pana watu, na watu hao wana meza, na meza hiyo ina ladha.

Mwaka 2020 alitoa kitabu chake cha kwanza, In Bibi's Kitchen, alichokiandika pamoja na mwandishi wa Marekani Julia Turshen. Tazama jina hilo. Kitabu ni cha Kiingereza, lakini neno kuu la jina lake ni la Kiswahili: bibi. Kimekusanya mapishi ya mabibi wa nchi nane za upande wa mashariki na kusini mwa Afrika, kuanzia Eritrea na Somalia, kupitia Kenya, Tanzania, Msumbiji, Madagaska na Komoro, mpaka Afrika Kusini. Baadhi ya mabibi hao waliishi katika nchi zao, na wengine ughaibuni. Picha nyingi zilipigwa na Khadija Farah, mpiga picha kutoka Kenya. Kitabu kilipata tuzo ya James Beard, ambayo katika Marekani ni heshima kubwa kwa watu wa upishi. Mwaka 2025 alitoa kitabu cha pili, Setting a Place for Us, juu ya mapishi na habari za watu wa nchi nane zilizoguswa na vita na uhamisho, Kongo ikiwa mojawapo.

Sifa ya kazi yake, kwa maoni yangu, haimo katika tuzo. Imo katika namna alivyoifanya. Hakusimama mbele ya mabibi kama mwalimu, bali aliwasikiliza. Kila bibi aliulizwa habari za maisha yake, nyumba yake, na maana ya chakula kwake, kisha pishi lake likaandikwa na jina lake likawekwa pamoja nalo. Kumbuka wapishi wa majiko ya walowezi ambao majina yao hayakuandikwa popote. Hapa jambo limegeuzwa: mwenye chungu ndiye mwenye jina, na mwenye kalamu ni mtumishi wake.

Pengine mtu atapinga akasema: "Kuandika mapishi katika nchi ya njaa ni dhihaka. Mwenye njaa ataka unga, hataki kitabu." Hoja hii haina budi kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa Turkana imeona njaa mara nyingi, na msaada wa chakula wa Kakuma umepunguzwa mara kadhaa katika miaka ya karibuni. Ni kweli kwamba kitabu hakiliwi. Lakini rudi kwenye habari ya edung. Elimu ya kuchemsha tunda lile ni ya wakati wa njaa hasa. Unga wa msaada huja na hupunguzwa kwa uamuzi wa watu walio mbali. Elimu ya mti ulio karibu haipunguzwi na mtu, isipokuwa na usahaulifu wetu. Asemaye kwamba maskini hahitaji kumbukumbu amemwongezea umaskini wa pili.

Mwingine atasema kwamba pishi la kweli hujifunzwa kwa mkono, wala haliwezi kukaa katika karatasi. Huyu naye amesema kweli nusu. Karatasi haiwezi kukupa harufu ya maziwa yanapoanza kuganda katika kibuyu kilichofukizwa moshi. Lakini yaweza kukuambia kwamba kibuyu hufukizwa, na kwa mti gani, na kwa nini. Aliyetenganishwa na mama yake kwa miaka kumi na mitano angefurahi kupata japo hayo. Daftari si badala ya mama. Ni daraja kwa mtoto aliyetupwa ng'ambo.

Kazi hii imekwisha kuanzwa katika Kenya. Mwaka 1999 Makumbusho ya Taifa yalitoa kitabu kikubwa cha mimea ya vyakula vya asili ya Kenya, kilichoandikwa na Patrick Maundu, Grace Ngugi na Christine Kabuye, na ndani yake mimea mingi ya Turkana imepewa majina yake ya Kiturkana. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua juhudi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano mwema kwa mataifa mengine. Hizo ni kazi za wataalamu. Iko sehemu ya kazi ambayo wataalamu hawawezi kuifanya, kwa kuwa hawana bibi yako.

Kwa hiyo nakupa kazi, msomaji, uwe wa Lodwar, wa Kakuma au wa pengine popote. Chukua daftari lililobaki kurasa. Nenda kwa bibi, au kwa mtu mzima mwingine katika ujirani wenu, umwamkie kama ipasavyo, umsaidie kwanza kuchota maji au kupasua kuni, kisha umwombe akufundishe pishi moja. Usiandike jina la chakula tu. Andika kinatoka wapi, huchumwa au hutayarishwa mwezi gani, hupimwa kwa nini, maji kiasi gani, moto mkali au wa taratibu, na kwa muda gani. Akisema "kidogo", mtazame mkono wake uone kidogo ni kiasi gani. Andika majina kwa lugha yake mwenyewe. Uliza chakula hicho kililiwa lini, kilikatazwa kwa nani, na kilimfaa nani katika mwaka wa njaa. Mwisho andika jina lake na tarehe, kwa idhini yake, kisha umsomee ulichoandika asahihishe. Wewe utakuwa mwanafunzi na yeye atakuwa mwalimu.

Ikiwa jirani yako ni mgeni aliyekuja kwa sababu ya vita, fanya vivyo hivyo kwake. Katika Kakuma pekee mna mapishi ya mataifa mengi yaliyokusanyika mahali pamoja, jambo ambalo msomi wa mbali angelazimika kusafiri nusu ya Afrika ili alione. Wewe watosha kuvuka njia. Waliokulisha nao wanazeeka, na msimu ujao wa mvua hauwasubiri wote. Anza juma hili.